Kabla Cheni Haijala Sproketi

Fundi wa pikipiki wa Kyela hatozi pesa nyingi. Nalisema hili mapema kwa sababu madereva wengi wanaoshauriwa kujitengenezea pikipiki huambiwa kwamba watakwepa gharama ya ufundi, kisha wanapiga hesabu na kuona hakuna cha maana walichokwepa. Kukaziwa cheni ni pesa ya soda, na fundi anayekufahamu anaweza kukukazia bure huku mkipiga soga. Pesa inayomtoka dereva haiishii mkononi mwa fundi. Inaishia kwenye spea zilizokufa kabla ya wakati wake, na kwenye siku ambazo pikipiki imelala huku mwenye chombo anasubiri hesabu yake jioni.

Cheni iliyolegea ikiachwa inatafuna meno ya sproketi, na hapo hununui cheni peke yake, unanunua seti nzima. Oili iliyochelewa kumwagwa inakula ringi na pistoni. Tairi la nyuma lenye upepo mdogo, likibebeshwa gunia la kakao, linakata tyubu na kulegeza spoki. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri siku utakayopata nafasi ya kwenda gereji. Anayeweza kuyaona mapema ni yule anayeikalia pikipiki kila siku, na anayeweza kuyazuia ni huyohuyo, akiwa na spana chache chini ya siti. Hapo ndipo akiba ilipo.

Kwa watu wa ukanda wa Ikombe, Matema na Ipinda, jambo hili lina uzito wa pekee. Ikombe imekaa pale ambapo Milima ya Livingstone inashuka karibu wima hadi ndani ya Ziwa Nyasa. Kwa miaka na miaka vyungu vya akina mama wa Kikisi vimetoka huko kwa mitumbwi kwenda soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, kwa sababu mlima haukuacha nafasi kubwa ya kupita. Pikipiki inayofanya kazi upande huu inakutana na mchanga wa ufukweni, mawe, vijito vinavyoshuka mlimani, na matope ya mashamba ya mpunga. Tena kuna mvua. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Machi na Aprili ndiyo miezi ya kulowana hasa. Ukipakia abiria kwenda Tukuyu, unaondoka kwenye ziwa lililo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 1,500. Injini ya cc 125 ikipanda huko na mshikaki wa watu wawili nyuma, inachemka kweli. Na ikikufia upande wa Ikombe, duka lenye spea za kuchagua liko mbali, Kyela mjini. Nauli ya kwenda kufuata plagi moja inaweza kuzidi bei ya plagi yenyewe.

Bahati nzuri ni kwamba pikipiki zetu nyingi, Boxer, TVS na zile za Kichina kama SanLG na Kinglion, zimeundwa kwa urahisi. Silinda ni moja, injini inapozwa na upepo, cheni iko nje unaiona, na breki za nyingi ni za ngoma. Hazikutengenezwa zifunguliwe na mwenye kompyuta.

Anza na spana, na usizinunue zote siku moja. Namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19 zitafungua karibu kila utakachogusa, ila pima kwanza nati ya ekseli ya nyuma ya pikipiki yako mwenyewe, maana hiyo hutofautiana. Ongeza bisibisi bapa na ya nyota, plaizi, spana ya plagi, pampu ya mkono, kipimo cha upepo, na brashi ngumu. Spana laini za bei ya chini zina hasara iliyojificha: zinalainisha kona za nati, na nati iliyolainika humlazimu fundi kutumia patasi na nyundo, naye atakudai kwa kazi hiyo. Ni heri uwe na tatu ngumu kuliko kumi laini. Spana malaya iache nyumbani kwa kazi za bomba la maji.

Nitakaa zaidi kwenye cheni kuliko kitu kingine, kwa sababu ndiyo inayokula pesa ya dereva wa ufukweni kimyakimya.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka nyutro, kisha sukuma kwa kidole sehemu ya chini ya cheni, katikati ya sproketi mbili. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 inatakiwa ipande na kushuka sentimita 2 hadi 3. Usipime mahali pamoja tu. Zungusha tairi taratibu na upime tena na tena, kwa kuwa cheni iliyotumika hulegea upande mmoja na kubana upande mwingine, na wewe unatakiwa urekebishe kwa kufuata pale inapobana. Wengi hukosea hapo: wanakaza pale ilipolegea, na ikizunguka inabana kupita kiasi. Abiria akikaa, tairi la nyuma linapanda na cheni inazidi kubana, mpaka inavuta beringi ya sproketi ndogo ndani ya injini. Beringi hiyo haifikiwi bila kufungua injini. Ukibaki na shaka, iache imelegea kidogo kuliko kubana kidogo.

Kuikaza, legeza nati ya ekseli, halafu zungusha nati za kurekebishia kushoto na kulia kwa kiasi kilekile, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Karibu na ekseli kuna alama pande zote mbili, zihesabu zilingane. Zisipolingana, tairi linakaa upande na cheni inakuwa inasugua ubavu wa meno ya sproketi. Kaza ekseli kwa nguvu, pima cheni mara nyingine, kisha angalia breki ya nyuma, maana ukivuta tairi nyuma unabadilisha pia mvuto wa breki ya ngoma. Hili la breki husahaulika sana, na dereva hulikumbuka akiwa kwenye mteremko.

Kuna desturi vijiweni ya kupaka cheni oili chafu iliyomwagwa kwenye injini. Naipinga. Oili ile imebeba vumbi la chuma, na ni nyepesi hivyo inaruka kwenye rimu na nguo za abiria. Nunua oili ya gia namba 90, chupa ndogo inakaa muda mrefu. Jioni, cheni ikiwa bado na joto la safari, isugue kwa brashi na mafuta ya taa au dizeli, ifute kwa kitambaa, kisha dondosha oili upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha tairi. Iache ilale usiku kucha, na asubuhi futa yote inayong'aa juu. Mwenye njia ya mchanga asiruke hatua hii ya mwisho, kwa sababu oili iliyobaki nje inakamata mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unasaga chuma. Petroli usiitumie kusafishia. Inawaka haraka mno kwa kazi ya jioni penye koroboi au jiko.

Utajuaje kuwa cheni imekwisha na kuikaza ni kupoteza muda? Ishike pale inapozunguka sproketi kubwa, nyuma kabisa, na uivute kuelekea kwako. Ikiachana na sproketi kiasi cha kuona nusu ya jino, imekwisha. Meno yaliyochongoka na kulala upande mmoja nayo yamekwisha. Badilisha seti yote kwa pamoja, maana cheni mpya kwenye meno ya zamani haidumu. Unapofunga ile klipu ya kiungo, upande wake ulio wazi uangalie nyuma, kinyume na cheni inakokwenda, isije ikagonga kitu na kuchomoka.

Tuje kwenye oili. Pikipiki nyingi za aina hii zinachukua lita moja hivi, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Washa injini dakika chache ipate joto, weka beseni chini, fungua boliti ya kumwagia, na fungua pia kifuniko cha juu ili imwagike yote. Angalia wosha yake kabla ya kurudisha. Boliti ianze kwa vidole, izunguke mizunguko kadhaa bila kukwama, ndipo ushike spana. Kitako cha injini ni aluminiamu, metali laini, na anayekaza kwa kuning'inia kwenye spana ataua nyuzi. Kuchonga nyuzi mpya ni gharama ya oili nyingi sana.

Kwenye kopo tafuta maandishi mawili. La kwanza ni uzito. 20W-50 hufaa joto la ufukweni kwa pikipiki nyingi, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli. La pili ni JASO MA. Ni alama ya viwango vya Japani iliyoanza mwaka 1998, na maana yake ni kwamba oili hiyo haitaitelezesha klachi. Klachi ya pikipiki imelala ndani ya oili ya injini, tofauti na gari. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, nzuri kwa gari lakini kwako zitafanya injini ipige kelele bila pikipiki kwenda, hasa ukiwa umepakia na unapanda. Anayeuziwa oili ya gari kwa bei nafuu hana alichookoa.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa kila dereva wa Kyela alifanye: kila ukimwaga oili, ipime. Imimine kwenye chupa tupu ya maji ya lita moja. Uliweka lita moja na imetoka robo tatu, ile robo imekwenda wapi? Kama chini ya injini pakavu, basi imeungua, na moshi wa bluu asubuhi utakupa jibu hilohilo. Ukiliona tatizo mapema, unaweza kuwa unazungumzia ringi au sili za vali. Ukisubiri mpaka injini ikwame, unazungumzia silinda, pistoni na pengine kichwa. Iangalie na rangi. Nyeusi ni kawaida. Iliyogeuka kuwa na weupe wa maziwa imeingia maji, na haifai kuendeshewa hata kilomita moja zaidi.

Muda wa kubadilisha unategemea kitabu na kazi. Viwanda hutaja maelfu ya kilomita, lakini vinamfikiria mtu wa barabara kavu. Anayetembea kilomita 100 kwa siku anafikisha 3,000 kwa mwezi mmoja, na kama katika hizo kuna vijito na kupanda Tukuyu, ni busara kufupisha. Tatizo ni kwamba pikipiki nyingi hazihesabu kilomita kabisa, kwa kuwa waya wa spidi ulikatika na hakuna aliyeona umuhimu wake. Ununue. Ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa, na bila huo unakisia kila kitu kingine.

Oili iliyomwagwa iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji. Isimwagwe mchangani wala mtoni. Ukanda huu unachota maji ya kupikia ziwani, na kila kilichomwagwa juu kinashuka na mvua. Kwa sababu hiyohiyo, usiingize pikipiki ziwani kuiosha. Achana hata na suala la uchafu: maji yanapenya kwenye beringi za magurudumu na kwenye ngoma za breki, yanatoa grisi na kuacha mchanga. Ndoo mbili na kitambaa zinatosha.

Kichujio cha hewa kikiziba, injini inakunywa petroli zaidi na kukosa nguvu. Kama ni cha sponji, kioshe kwa maji ya sabuni, kikamue bila kukisokota, kikauke kivulini, kisha kipake oili kidogo na kukamua tena. Kama ni cha karatasi usikioshe. Kigonge taratibu kidondoshe vumbi, na kikishakuwa cheusi, nunua kingine. Kuna madereva wanaokitoa kabisa wakidai pikipiki inakuwa nyepesi. Inakuwa nyepesi kweli kwa muda, huku mchanga wa Matema ukiingia moja kwa moja kwenye silinda.

Plagi ichomoe mara moja kwa mwezi uisome. Rangi ya kahawia isiyokolea ni nzuri. Masizi makavu meusi yanaelekeza kwenye kichujio au kabureta. Unyevu wa oili unaelekeza kwenye ringi au sili za vali. Weupe unaonyesha injini inachemka kupita kiasi au inapata petroli kidogo. Unapoirudisha, izungushe kwa vidole mpaka ifike mwisho, kisha kwa spana: mpya karibu nusu mzunguko, ya zamani chini ya robo.

Masika kuna siku pikipiki itazimikia ndani ya maji. Ukifika hapo usipige kiki. Maji hayabonyei, na pistoni ikiyakuta juu inaweza kupinda konrodi. Isukume hadi pakavu, chomoa plagi, kisha piga kiki polepole maji yaruke nje kupitia tundu la plagi, ukiwa umekaa pembeni na waya wa plagi ukiwa mbali. Fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage kilichomo. Kausha kichujio. Chungulia oili. Kama haina weupe, rudisha plagi na ujaribu kuwasha. Kama ina weupe, pikipiki irudi kwa kusukumwa au kwa mtumbwi.

Breki na tairi ni vya roho, na hapa mtu asijifunzie njiani akiwa na abiria. Upepo upime asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo, maana kupiga tairi teke hakuonyeshi kitu. Kiwango kiko kwenye kitabu au kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye pikipiki, na cha mzigo ni tofauti na cha mtu mmoja. Breki ya ngoma unaweza kuirekebisha mwenyewe kwa ile nati ya mwisho wa fimbo, na kwenye ngoma nyingi kuna mshale unaoonyesha shuu zimebaki kiasi gani. Baada ya wiki za matope, fungua tairi utoe mchanga ndani ya ngoma kwa kitambaa chenye maji, bila kupuliza lile vumbi usoni. Shuu zisiguswe na oili hata tone. Waya wa klachi nao uwe na ulegevu wa sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha ya mkono wake. Ukiubana sana sahani za klachi zinateleza na kuungua, na hizo zina bei.

Kufungua injini, kupima vali, kushughulika na umeme wa kuchaji, na breki za maji, waachie mafundi mpaka utakapofundishwa. Namaanisha kufundishwa hasa. Mwambie, "Fundi, leo naomba nikae hapa nione unavyofanya," na umlipe kidogo zaidi kwa kukuelekeza. Fundi mzuri hamwogopi dereva anayejua. Humpenda, kwa kuwa huyo huleta pikipiki ikiwa na ugonjwa mmoja badala ya sita. Anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole na kusikiliza kabla ya kutoa pesa, na dereva anayeijua sauti ya injini yake ikiwa nzima humrahisishia fundi kazi vivyo hivyo. Kijana atakayegundua kwamba kazi yenyewe inampendeza kuliko kubeba abiria ajue kwamba VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti.

Spea ununue mwenyewe, mchana, na ile ya zamani mkononi ulinganishe. Bandia ni nyingi, na dalili zake mara nyingi zinaonekana: maandishi yaliyofifia, nyuzi za plagi zenye makali yasiyo sawa, boksi lisilo na jina la kiwanda. Dai risiti. Bila risiti hata TBS au Tume ya Ushindani hawana pa kuanzia.

Kama pikipiki ni ya mkataba au ya hesabu, kaeni na mwenye chombo mwandike nani ananunua nini. Makubaliano mengi ya mdomo yanasema "matengenezo madogo ya dereva, makubwa ya mwenye mali," na ugomvi huanza pale kidogo kilichoachwa kinapokuwa kikubwa. Andikeni kwa majina: oili, plagi, tyubu, shuu za breki, seti ya cheni, tairi, injini. Halafu uwe na daftari lako chini ya siti, ndani ya mfuko wa nailoni. Kila kitu kiandikwe tarehe, kilomita, kilichofanyika na bei. Siku injini itakapodai ringi, mfungulie mwenye chombo ukurasa wa oili aone tarehe zote, mzungumze mkiwa na daftari katikati.

Na kabla hujampakia abiria wa Ikombe, hakikisha mfuko huo una pia plagi moja nzima, kiungo cha cheni na klipu yake, tyubu au viraka na solusheni, waya wa klachi, na kipande cha waya laini wa kufungia.